Koti la Saa Nne

Saa nne kasoro dakika tatu asubuhi, Mama Wawili alisimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, akafunga vifungo vya koti la mumewe. Lilimzidi kimo, mikono ikimfika kwenye vidole, na lilinuka mafuta ya saa pamoja na dawa ya kidonda. Akavaa kofia ya sufu, akaishusha mpaka kwenye nyusi. Kisha akavaa miwani ya mumewe. Kwa miwani ile hakuona kitu zaidi ya kitasa, lakini njia aliijua. Ni hatua kumi na moja kutoka chumbani mpaka jikoni.

"Usikimbie," mumewe alisema kutoka kitandani. "Jana ulikimbia. Mimi sikimbii."

"Umeniona wapi na wewe umelala?"

"Nilikusikia miguu."

Akachukua kikombe, akafungua mlango, akaingia sebuleni. Juu ya kabati la vyombo kamera ndogo iliwasha taa yake ya kijani. Akatembea ameinamisha mgongo kidogo, kwa sababu mumewe alikuwa fundi saa na mgongo wake ulibaki umeinama hata baada ya kufunga kibanda. Alipofika katikati ya chumba akainua kikombe juu, akakishusha, akapita. Jikoni aliegemea ukuta. Hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya tatu ya kumvaa mume.

Kamera ile ililetwa na mtoto wao wa kwanza, aliyeitwa Mkubwa tangu siku mdogo wake alipozaliwa. Alikuwa ng'ambo akipanga makasha ghalani. Alimtuma kijana wa umeme, akaifunga kwa nusu saa, naye mzee akasimama chini ya ngazi akitoa masharti. Kuona ataona, lakini kusikia hapana. Nyumba hii si redio. Kwa hiyo sauti ikakatwa, na wazee wakaipa kamera jina la Jicho. Jicho liliona sebule na mlango wa mbele, basi. Wakitaka kugombana walikwenda jikoni.

Ndipo likaja hilo la saa nne. Kila siku saa hiyo, ambayo kwa Mkubwa ni alfajiri kabla hajatoka kwenda kazini, Fundi alipita sebuleni akainua kikombe cha chai. Maana yake, tumeamka, tu wazima, nenda kazini kwa amani. Mkewe hakuwahi kumwona akifanya hivyo hata mara moja. Saa nne ilimkuta jikoni siku zote, akiosha vyombo vya asubuhi.

Jumatatu Fundi hakuweza kukanyaga. Alikuwa na ugonjwa wa sukari mwaka wa kumi na mbili sasa, na miguu yake ilishaacha kumwambia chochote. Jumapili kiatu kilimchuna kisiginoni, yeye akaendelea kutembea siku nzima, na alipovua soksi usiku mkewe ndiye aliyeona damu. Viatu vilikuwa vipya, vya ngozi laini, zawadi ya Binti, mtoto wao wa pili, ambaye naye alikuwa ng'ambo katika nchi nyingine, akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu.

"Twende hospitali," alisema mkewe.

"Tukienda watajua. Hakuna kutoka bila kupita sebuleni, na Jicho liko pale."

"Na wakijua?"

"Umesahau?"

Hakusahau. Miaka miwili nyuma Mama Wawili alilazwa kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Binti alipopata habari hakumuuliza mtu, aliacha kazi wiki hiyo hiyo akaja. Alikaa kando ya kitanda siku tisa. Alipotaka kurudi, akaambiwa makaratasi yake yamekwisha nguvu, aanze upya. Akakaa mwaka mmoja na nusu kwenye chumba chake cha utoto, akikonda, akifagia ua uliokwisha kufagiwa. Siku moja akizungumza kwenye simu jikoni alisema, "Nilikuja kumwokoa mama, nikajizika mimi." Hakujua kama mama yupo mlangoni. Alikuwa amefanikiwa kurudi kazini miezi minne tu iliyopita, na Mkubwa naye makaratasi yake yalikuwa mezani kwa wakubwa, akisubiri jibu. Akitoka kabla ya jibu, harudi.

Kwa hiyo mzee alimwapisha mkewe. Alimshika mkono akamwambia, "Sema haki ya Mungu hutawaambia." Akasema. Na koti lilikuwa wazo lake yeye mwenyewe, mama wa watu. Jumatatu ile, zikiwa zimebaki dakika tano, walitazamana kama wezi waliosikia mlango, na yeye akalitoa koti kwenye msumari. Walicheka siku hiyo. Fundi alicheka mpaka akakohoa.

Jumatano hiyo hawakucheka.

*

Kwenye duka la dawa muuzaji alikuwa kijana mwenye koti jeupe lililopauka. Alipomwona Mama Wawili akaacha kuhesabu vidonge.

"Bandeji tena?"

"Tena, mwanangu. Na ile dawa ya kuoshea."

"Mama, hii mara ya tatu. Mgonjwa mwenyewe yuko wapi? Mlete tumwone."

"Amesafiri."

Watu watatu walikuwa wanasubiri nyuma yake. Muuzaji akawatazama wao kwanza, ndipo akamtazama yeye.

"Yaani yeye amesafiri, kidonda amekiacha nyumbani?"

Wakacheka wote, hata mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa. Mama Wawili akatabasamu, akaweka pesa juu ya kioo, akatoka na mfuko wake. Njiani alitembea upande wa kivuli na hakumsalimia mtu.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo? Si huwa unapiga Jumapili?"

"Nimepiga tu. Baba hajambo?"

"Hajambo kabisa. Si unamwona kila siku?"

Alisikia mashine za ghalani zikinguruma kwa mbali.

"Ndiyo," Mkubwa akasema. "Namwona."

"Haya, sasa wasiwasi wa nini?"

"Sina wasiwasi. Wewe unapumzika lakini, mama?"

"Napumzika sana, mpaka naona aibu."

"Nipe baba nimsalimie."

Akaipeleka simu chumbani. Fundi akajiinua kwa viwiko, akasafisha koo, akatoa ile sauti yake ya kibandani ya kuwaambia wateja saa haitengenezeki.

"Marahaba! Unafanya nini kwenye simu saa za kazi? Utachelewa wewe. Ulikuwa hivyo hivyo shule. Haya, haya. Salama. Msalimie mdogo wako."

Alipokata simu shati lilikuwa limelowa mgongoni. Mkewe alimpangusa kwa taulo, na mkono wake ulipogusa shingo aliogopa. Shingo ilikuwa inawaka.

"Amejua?" Fundi aliuliza.

"Hajajua."

"Vizuri," akasema, akafumba macho.

*

Alhamisi, Mama Pasi aliingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, kama alivyozoea. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mpiga pasi nguo za watu, mwanamke mwenye mikono mikubwa na mdomo usio na breki. Alimkuta Mama Wawili ndiyo kwanza anatoka kupita, koti mwilini, kofia kichwani, kikombe mkononi.

"Shoga, leo umemvaa mzee mzima mzima!" Akacheka akishika kiuno. "Mwenyewe amebaki na nini?"

Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. Akapita mpaka chumbani. Alikaa huko muda mfupi tu, na aliporudi alikuwa ameziba pua kwa mgongo wa mkono.

"Ule mguu unaoza."

"Tunauosha asubuhi na jioni."

"Mnauosha. Na watoto wanaona nini kule?"

"Wanamwona baba yao anakunywa chai."

Mama Pasi alimtazama toka kofia mpaka miguuni. "Namba ya mwanao ninayo tangu ile mara ya tumbo lako. Nitampigia mimi. Mimi sikuapa."

"Ukimpigia, usikanyage hapa tena."

"Umesema wewe?"

"Nimesema mimi."

Mama Pasi akatoka polepole, akaufunga mlango bila kuubamiza, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angeubamiza. Mama Wawili alibaki katikati ya jiko amevaa koti la mwanamume, akisikiliza pasi ikianza tena kugonga meza upande wa pili wa ukuta. Aliogopa mguu, aliogopa simu, aliogopa jirani. Sasa alikuwa anaogopa mpaka saa ya ukutani.

*

Ijumaa asubuhi Fundi aliamka akitetemeka. Alinyanyua mkono wa kushoto akaitazama saa yake kwa muda mrefu. Aliisogeza karibu, akaipeleka mbali.

"Saa ngapi?" akauliza.

Kwa miaka arobaini na moja ya ndoa yao, mkewe hakuwahi kumsikia mwanamume huyo akimuuliza mtu saa.

"Saa tatu na nusu, Fundi."

"Fungua kibanda basi. Kuna mteja amesimama pale." Akaonyesha kabati la nguo.

"Nakupeleka hospitali."

"Mwambie saa yake tayari."

Alikifungua kidonda. Weusi ulikuwa umepita kisigino, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda juu ya kifundo. Akakifunika upesi kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Ilibidi aondoke naye, sasa hivi, hilo alilijua. Lakini akili iliyokwisha kuogopa siku tano huendelea kufuata njia ile ile, na ya kwake ilimwambia hivi: pita kwanza. Ukipita, Mkubwa atatulia, atakwenda kazini. Halafu mtoe mzee upesi kupitia jikoni, Jicho likiwa halina mtu wa kulitazama. Jumapili ikifika mtakuwa mmerudi.

Akasubiri. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe alikuja kulisema mara nyingi baadaye: alikaa kwenye ukingo wa kitanda karibu nusu saa, mume anazungumza na kabati, akisubiri saa nne ifike. Ilipofika akavaa koti, kofia na miwani. Alitembea hatua zake kumi na moja. Nyuma yake, upande wa pili wa ukuta, Fundi alikuwa anamwita mama yake aliyekufa zamani. Mama Wawili akainua kikombe mbele ya Jicho, akakishusha, akapita.

Aliporudi, mumewe alikuwa ameteleza, kichwa kinaning'inia nje ya kitanda, macho wazi.

"Fundi."

Akamshika shavu.

"Mume wangu. Nitazame."

Macho yalipita juu yake bila kumwona. Alijaribu kumnyanyua akashindwa. Alimwegemeza kwa mto, akakimbia sebuleni kuchukua simu. Hapo, katikati ya chumba, simu mkononi, akasimama. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Akaelewa kile anachokiona mtoto wake kutoka huko aliko. Anamwona baba yake, mzima, anatafuta simu.

Akavua kofia, akaitupa. Akavua miwani. Vifungo vya koti vilimshinda, akakivuta kimoja kikakatika. Koti likamwangukia miguuni, naye akabaki na gauni lake la ndani la kulalia, nywele wazi, mbele ya mwanawe wa kumzaa.

"Baba yenu anakufa," aliliambia Jicho, ijapokuwa alijua halisikii.

Simu ikalia mkononi kabla hajaifungua.

"Mrudie baba, mama," alisema Mkubwa. "Mlaze kwa ubavu. Nampigia Mama Pasi kwa simu nyingine sasa hivi, na teksi naiita mwenyewe kutoka huku. Nenda. Usikate simu."

*

Mama Pasi alikuja mbio, pasi ameiacha ikiwa ya moto. Hakusema neno moja kuhusu jana. Alimbeba Fundi mgongoni kama gunia, kupitia mlango wa mbele.

Dereva wa teksi alimwona mgonjwa, akavuta hewa kwa pua, akashuka. Alitoa mfuko mkubwa wa nailoni kwenye buti akautandika kiti cha nyuma.

"Si kwa ubaya," alisema. "Kiti kikishika harufu, abiria hawapandi."

Mama Wawili alikubali kwa kichwa. Mama Pasi alirudi ndani kwake, akaja na shuka jeupe la mteja, limenyooka, bado lina joto, akalitandika juu ya nailoni.

"Mlaze hapo," akamwambia dereva. "Na wewe endesha."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko Binti. Alifungua bandeji, akafunga tena, akamvuta Mama Wawili pembeni.

"Tangu lini hawezi kukanyaga?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii? Na leo ni Ijumaa. Nyumbani mnakaa na nani, mama?"

"Wawili."

"Hamna watoto?"

"Wapo. Wako mbali."

Daktari hakumkaripia, na yeye alitamani angemkaripia. Alimwambia kwamba mguu unakatwa leo chini ya goti, na sumu ikiwa haijaingia mbali kwenye damu, mzee ataishi. Kwamba Jumanne wangekuwa wanazungumzia kisigino peke yake. Akampa karatasi. Mama Wawili alitia saini mahali alipoonyeshwa, herufi zikipanda na kushuka, kisha muuguzi akaja akampa saa ya mkononi ya mumewe imefungwa kwenye karatasi ya chooni.

"Vyuma haviingii huko ndani," muuguzi akasema.

Alikaa kwenye benchi la ukumbini. Saa ilikuwa inaenda, aliisikia ndani ya karatasi. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alipata nafasi ya kufikiri, na jambo moja likamjia. Mkubwa hakuuliza. Alimwona mama yake anavua nguo za baba mbele ya kamera, na hakuuliza kwa nini amezivaa.

Akampigia.

"Ameshatoka kwa daktari?" Mkubwa alidaka simu mlio wa kwanza.

"Bado. Mkubwa, nikuulize."

"Uliza, mama."

"Ulijua?"

Alisikia anavuta pumzi.

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu ipi?"

"Siku ile ya kwanza. Baba akishainua kikombe huwa hapiti hivi hivi. Hugeuka akanitazama, akaigonga saa yake kwa kidole, mara mbili. Kama zamani, nikichelewa shule. Kila siku, mama, miaka miwili, hajakosa. Jumatatu hakugonga. Nikamtazama vizuri, nikaona ni wewe."

Mama Wawili alikishika kile kifurushi cha karatasi kwa mikono miwili. Hakujua habari hiyo. Mwanamume yule ambaye hakuwahi kumwambia mtoto neno laini, kila asubuhi, mkewe akiwa jikoni, alikuwa na mchezo na mwanawe.

"Siku tano," alisema. "Siku tano unanitazama nazunguka mle ndani na koti."

"Nilikuwa naamka mapema nikusubiri. Ukitokea nasema, afadhali bado anapita, basi baba yupo. Ungeacha kupita ndiyo ningejua amekwenda. Binti pia anajua. Nilimpigia Jumanne. Tulikubaliana tungoje."

"Mngoje nini? Ulipiga Jumatano. Uliongea na mimi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utanijibu, mama."

Hakuweza kumgombeza. Alitaka, na hasira ilikuwepo, lakini kila neno aliloliokota kumtupia mwanawe liligeuka likamtazama yeye. Watu wanne waliopendana, kila mmoja anajua, kila mmoja anamlinda mwenzake, na mguu unaoza katikati yao.

"Usije," alisema mwishowe.

"Mama."

"Sijasema kwamba sikutaki. Nakutaka hata sasa hivi, hapa kwenye hili benchi. Nasema usije. Lakini tangu leo utaniuliza, na mimi nitakujibu."

*

Fundi alitoka salama, na alizinduka karibu na alfajiri. Jambo la kwanza alilouliza ni saa ngapi. Mkewe alimwambia. La pili aliuliza kama watoto wamejua, akaambiwa wamejua, akageuza uso ukutani akalia bila sauti, na haikufahamika kama analilia mguu au siri. Mama Wawili alimshika bega mpaka akalala.

Jumamosi asubuhi alirudi nyumbani kuchukua mashuka na chupa ya chai. Koti lilikuwa pale pale sakafuni, kofia chini ya meza. Aliviokota, akavitundika kwenye msumari. Kiatu kimoja cha zawadi ya Binti, cha mguu uliobaki, akakiweka karibu na mlango. Cha pili alikishika muda mrefu, hakujua mtu anakipeleka wapi kiatu cha namna hiyo, mwisho akakirudisha kwenye sanduku lake.

Saa nne ilimkuta sebuleni. Alikuwa na gauni lake, kitambaa chake kichwani, macho yamevimba, na hakuwa na kikombe. Mkononi alikuwa amevaa saa ya mumewe, imemlegea mpaka karibu na kiwiko. Alisimama katikati ya chumba akalitazama Jicho moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuwa amemsamehe mwanawe, wala hakuwa amejisamehe. Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Akanyanyua mkono, akaivuta saa mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaigonga kwa kidole mara mbili.

Kisha akaenda jikoni kutafuta chupa ya chai.